Mzee Mogire na Nusu ya Uso Wake

Ukimuona Mogire kwa mbali ungempa miaka sabini bila kufikiri sana. Ukimsalimia kwa mkono, unaanza kuhesabu upya. Uso ulikuwa wa babu ya mtu, umekunjika kama shati iliyolaliwa, lakini mikono ilikuwa ya karani wa benki. Laini, haina nyufa, imekolea rangi ya chai ya rangi. Wazee wenzake pale mteremkoni kati ya Keroka na Nyamira walikuwa na viganja vya kukwangua sufuria. Yeye akisalimia kina mama nje ya kanisa siku ya Sabato, wanaachia mkono wake halafu wanaangaliana.

"Huyu mzee analima kweli?" jirani mmoja, Abigael, aliwahi kuuliza, na hakupunguza sauti.

Alikuwa analima. Lakini kazi yenyewe, ile iliyomjulisha kwa watu, ilikuwa kuchuna magome ya miwati. Hii ni ile miti ya maua ya njano iliyoletwa na wazungu, ikaota kila mahali kama wageni wasiojua kwenda nyumbani. Mogire anaangusha mti, anapasua gome kwa panga likiwa bado na maji yake, anavuta ukanda mrefu kutoka chini mpaka juu, mti unabaki uchi na mweupe kama mtu ameshikwa bafuni. Magome yanaanikwa kwenye fito, yakikauka yanafungwa mafungu, lori linayachukua Keroka kupeleka kiwanda cha ngozi. Miaka na miaka ya kushika yale magome mabichi, na ule utomvu mwekundu ukimwagikia mikono.

Kwa hivyo alikuwa na nadharia yake, na aliwaambia watu hata kama hawajauliza.

"Gome ndiyo ngozi ya mti," anasema. "Jua linachoma gome, mvua inapiga gome, mdudu anauma gome. Mti ndani haujui kitu. Sasa kitu kinaweza kulinda mti hivyo, kinishinde mimi kamtu kadogo?"

Siku hizi watu wa maabara wanasema magome yamejaa tanini na antioksidanti, vitu vya kukinga ngozi isichakae haraka, na wanaviuza kwa vichupa vidogo vya bei ya mbuzi. Mogire angesikia hiyo angekaa chini achekeee, halafu aseme, "Nilisema."

Mwanzoni mwa miaka ya sitini, wakati watu wa kule walianza kupanda chai kila kona, wateja wake waliongezeka. Wachumaji chai walikuwa na magaga ya kutisha, unaweza kuficha shilingi kwa kisigino cha mtu. Mogire anachemsha magome kwa debe mpaka maji yanakuwa meusi kama oili ya trakta, mtu anatumbukiza miguu, analia kidogo, anaenda nyumbani. Wiki chache, kisigino kimefunga. Walikuja kutoka Nyamira, walikuja kutoka Nyakoe. Na wote walikuja na miguu. Hiyo uishike: hakuna mtu aliwahi kumletea Mogire uso.

Sasa tuingie kwa Bitutu.

Bitutu aliolewa na Thadeus, mtoto wa kwanza wa Mogire, aliyekuwa anauza kwa duka la nguo la wenyewe huko Nairobi. Msichana alitoka upande wa Nyakoe, na alikuwa na mdomo. Mdomo mzuri, si wa matusi. Anaongea akipika, anaongea akifagia, anaongea na kuku mpaka kuku wanasimama kumsikiliza. Tryphosa, mke wa Mogire, alimpenda siku ya kwanza. Mogire naye alimpenda, lakini yeye alikuwa na shida moja. Hakuwa anaruhusiwa kumuona.

Hiyo ni chinsoni, heshima ya ukweni ya Abagusii, na haina mchezo. Baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mtoto wake. Hamshiki mkono. Hamkazii macho usoni. Wakikutana njiani, mmoja anapata kitu muhimu sana cha kuangalia kwa majani. Ukivunja, wazee wanaitwa, mambo yanatakaswa, na wewe unabaki kuwa hadithi ya watu. Mogire alikuwa Msabato wa kuimba sauti ya nne, lakini chinsoni hakuwahi kuicheza. Miaka mitatu Bitutu amekaa kwa hilo boma, na mzee angeulizwa sura yake angesema ana leso ya kijani.

Lakini sasa watu wawili wenye midomo watakaaje boma moja bila kuongea? Walipata mtu wa katikati. Huyo mtu alikuwa ng'ombe.

Ng'ombe aliitwa Jamhuri kwa sababu alizaliwa mwaka ule nchi ilipata jamhuri. Alifungwa chini ya mparachichi, kati ya nyumba mbili, na Mogire anampa mgongo mkwe wake, anamwambia ng'ombe:

"Jamhuri, uliza watu wa hapo kama leo ni mboga tena."

Na kutoka mlangoni, Bitutu: "Jamhuri, mwambie mwenye kuuliza kwamba kuku ana miguu na anakimbia. Akitaka nyama alete mbio."

"Jamhuri, hawa watu walifundishwa adabu na nani?"

"Jamhuri, mwambie, na wewe."

Tryphosa akisikia anashika kichwa. Jamhuri anacheua tu. Hiyo ndiyo ilikuwa redio ya lile boma, na Mogire aliipenda kuliko ile ya betri.

Mwaka wa sabini na moja, mwezi wa nane, Thadeus alikuja likizo na kikopo cha krimu.

"Wanawake wote wa Nairobi wanapaka hii," alimwambia mkewe. "Unang'aa kama taa."

Hakuwa na ubaya. Alikuwa tu kijana amekaa mjini, anaangalia picha za warembo kwenye magazeti, akafikiri mapenzi yanakaa kwa kikopo. Akarudi kazini. Bitutu akapaka. Mwezi wa kwanza, kusema ukweli, aling'aa. Kanisani watu waligeuka. Abigael alisema msichana ameiva kama ndizi, na Abigael si mtu wa kusifu.

Halafu mwezi wa kumi jua likawaka. Mashavu yalianza kuwasha, yakawa mekundu, yakababuka. Chini ya macho palitoa maji. Bitutu alifikiri amepaka kidogo, akaongeza. Ee, mama. Hapo ndipo aliharibu kabisa. Akaacha kwenda mtoni, akaacha kwenda kanisani. Kijiji kilikuwa na group yake hata wakati huo, ni vile tu ilikuwa inakaa kisimani na hakuna kufuta komenti. Alijua wanasema nini.

Mogire hakuona chochote, ataonaje? Yeye alisikia. Alisikia kimya.

"Jamhuri, mbona watu wamenyamaza?"

Mlangoni hakuna neno.

"Jamhuri, leo hata matusi hakuna?"

Ng'ombe akamwangalia, yeye akamwangalia ng'ombe. Akaenda kwa Tryphosa.

"Mama Thadeus, huyu mtoto ana nini?"

Sasa Tryphosa alikuwa mama mkwe mwenye heshima zake. Kumweleza mwanamume habari ya uso wa mke wa mtoto wake, kila kidonda na mahali pake, aliona ni kama kumwonyesha. Akapunguza.

"Ni vipele tu, vya ile krimu ya kikopo ya Thadeus," akasema. "Ngozi imechokozeka kidogo."

"Tu?"

"Tu."

Basi mzee akafurahi. Ngozi ni ngozi. Akachemsha magome kwa debe, yale yale ya visigino, akampa Tryphosa chungu kizima, mweusi tii. "Mwambie apake asubuhi na jioni. Ataniombea."

Bitutu alipaka kwa imani. Ile dawa iliyoshinda magaga ya wachumaji chai ilikutana na uso uliobabuka, na ikafanya kile gome la muwati linafanya kwa ngozi ya ng'ombe kule kiwandani. Iliikaza. Vile vidonda vilikauka, ndiyo, lakini shavu lote lilivutwa kama ngoma, na juu yake ikaja rangi ya kahawia, mabaka mabaka.

Tryphosa alirudi jikoni na macho mekundu.

"Umemfanya kiatu," akamwambia mumewe.

"Nini?"

"Uso umekazana, hawezi hata kufungua mdomo vizuri. Akicheka utapasuka. Bahati nzuri hacheki." Akakaa kwenye kigoda. "Ameshafunga mzigo, Mzee. Anasema maharagwe yakivunwa anaenda kwao Nyakoe, kabla Thadeus aje Krismasi. Hataki amuone. Na nikimwangalia, sidhani anapanga kurudi."

Mogire alikula ugali wake wote bila kusikia ladha. Miaka yote alikuwa akitamba na magome yake, na sasa yalikuwa yanamfukuzia mtoto.

"Nieleze uso," akasema mwishowe. "Wote. Usipunguze."

"Mwekundu, halafu kahawia."

"Mwekundu gani? Kama udongo au kama nyanya?"

"Mzee, mwekundu ni mwekundu!"

"Unawasha au unachoma?"

"Mimi si uso wake!"

Alienda kwa Makori, rafiki yake wa tangu kutahiriwa, mtu ambaye alikuwa na suluhisho la kila kitu na hakuna hata moja lililowahi kufanya kazi.

"Chungulia," Makori akasema. "Nyumba ina ufa."

"Nichungulie mkwe wangu? Uko na akili?"

"Basi mwambie aketi mbele ya kioo. Wewe uangalie kioo. Kioo si mtu."

"Na ndani ya kioo kutakuwa na sura ya nani, Makori? Ya mama yako?"

Makori akafikiri. "Basi sijui. Labda ungekuwa na uso mwingine kama huo, uangalie huo."

Alisema tu ili amalize maneno arudi kwa uji wake. Lakini Mogire alisimama pale njiani kama mtu ameitwa jina. Akarudi nyumbani haraka, akamkuta Tryphosa anachambua mboga.

"Kile kikopo kiko wapi?"

"Nilikitupa nyuma ya choo. Cha nini?"

Alikitafuta kwa fimbo, akakipangusa na majani. Bado kilikuwa kimejaa zaidi ya nusu. Akachukua kibao cha kioo cha kunyolea, akakaa juani, akachora mstari kwa mawazo katikati ya pua, na akaanza kupaka upande wa kushoto. Tryphosa alitoka na bakuli mkononi.

"Baba Thadeus."

"Mm."

"Unataka kuoa?"

"Siwezi kuona uso wake," Mogire akasema, akiendelea kupaka. "Natengeneza wangu."

Tryphosa alitaka kucheka, halafu hakucheka. Aliweka bakuli chini, akamwambia, "Umeacha hapo chini ya jicho. Yeye ndipo alipopaka sana."

Usiniulize kijiji kilimfanyia nini. Mzee mzima, shemasi, nusu ya uso inaanza kupauka, nusu ingine iko vile Mungu alimpa. Kama simu zingekuwako, ile picha ingefika Mombasa kabla ya jioni. Keroka, utingo wa lori la magome alizunguka akamwona kwa upande huu, akazunguka tena kwa upande ule, akamwambia dereva, "Leo tumeletewa wazee wawili." Abigael aliacha mtungi mtoni akaja kuona mwenyewe. Makori alicheka mpaka akakaa chini, akasema, "Upande mmoja unafaa kwa kazi ya ofisi."

Mogire alipaka. Akachuna magome juani mchana kutwa, makusudi. Baada ya muda upande wa kushoto ukaanza kuwasha, ukachoma, ukababuka. Siku aliyoona maji yanatoka chini ya jicho alishika kile kioo akafurahi kama mtu amepata ndama.

Halafu akachukua ile dawa nyeusi ya visigino, tone moja kwa kidole, akagusa shavu.

Walimsikia mpaka ng'ambo ya bonde.

Akakaa kwa mtaro, machozi yanatoka upande mmoja tu, na hapo ndipo alielewa alimpa nini yule mtoto asubuhi na jioni, na yule mtoto akapaka bila kulalamika kwa sababu dawa ilitoka kwa mzee. Alijifuta. Akaenda mpaka mparachichi, akasimama na mgongo wake mlangoni.

"Jamhuri," akasema, na sauti haikuwa ya mchezo. "Ambia mwenye nyumba kwamba nimeionja ile dawa. Ambia yeye pole. Hiyo ilikuwa ya miguu."

Ng'ombe akapiga nzi na mkia. Halafu mlango ukalia, na sauti ambayo hakuisikia tangu jua kali ikatoka polepole, kwa mdomo usiofunguka vizuri.

"Jamhuri, muulize huyo mtu ni kweli amejipaka."

"Mwambie upande mmoja."

"Muulize, mbona mmoja?"

"Mwambie ule mwingine nimeachia Mama Thadeus, asije akasema ameibiwa mume."

Ilitoka sauti kama ya mtu anajizuia. "Jamhuri, mwambie asinichekeshe. Inauma."

"Inauma hapa chini ya jicho? Kama siafu?"

"Hapo hapo."

"Na kwa taya inakaza ukitafuna?"

"Ee. Na usiku inawasha kwa nywele, hapa pembeni."

"Bado sijafika kwa nywele," Mogire akasema kwa heshima. "Nitafika."

Kuanzia hapo walikuwa mafundi wawili wa gari moja. Mzee alijaribu kwake kwanza, kila kitu. Aliacha gome la mti mzee akachukua la mti mdogo, lile la ndani, laini. Aliacha kuchemsha, akaloweka kwa maji baridi ya mtoni, akachuja kwa kitambaa cha Tryphosa cha meza, ambacho mpaka leo hawajaelewana juu yake. Ya kwanza ikawa kali. Akaongeza maji, bado kali. Akaendelea kuongeza mpaka ikawa na rangi ya ile chai unapikia mgeni usiyemtaka arudi. Hiyo alipoiweka shavuni, shavu halikulia. Likatulia tu. Akangoja, akapaka tena, akalala, akaamka akajiangalia. Ndipo akampa Tryphosa kibuyu kimoja.

Na akatoa masharti kupitia kwa ng'ombe: kikopo hakuna tena, jua hakuna bila leso, na kukwaruza hakuna. Labda ni gome lililofanya kazi. Labda ni kule kuacha krimu na kukaa kivulini. Tryphosa alitaja hiyo ya pili mara moja tu, Mogire akakataa uji.

Uso ulianza kurudi. Tryphosa sasa alieleza bila kupunguza: maji yamekauka, ngozi mpya inatoka, mdomo unafunguka. Lakini mabaka ya kahawia yalibaki mashavuni kama ramani, na maharagwe yalivunwa, na mzigo wa Bitutu ulibaki umefungwa kando ya kitanda.

"Jamhuri," Mogire aliuliza siku ile ya kupura maharagwe, "kuna mtu bado anasafiri?"

"Jamhuri, mwambie dawa ni nzuri, na ninamshukuru. Lakini Thadeus alitaka taa. Sasa akija akute hii? Naenda Jumapili."

Mogire hakuwa na dawa ya hiyo.

Ijumaa mchana alikuwa kwa fito anageuza magome wakati aliona mtu anapanda njia na sanduku. Thadeus. Tajiri wake alikuwa amefunga duka mapema. Kijana alimkaribia baba yake akitabasamu, halafu tabasamu likakwama.

"Tata. Uso ni nini?"

"Ni zawadi yako," Mogire akasema. "Ile ya kikopo."

"Lakini hiyo ilikuwa ya..." Thadeus aliangalia ile nusu iliyobabuka, mabaka yake, ngozi mpya ya waridi chini ya jicho. Akaanza kuelewa, na sanduku likashuka chini polepole. "Na yeye? Bitutu?"

"Sijui. Mimi sijawahi kumuona." Mogire alikunjua gome moja akalilaza vizuri. "Nimefanya yote niliyoweza bila macho. Wewe unaruhusiwa kuangalia. Kwa hivyo, usiingie huko ndani ukaanza kusoma ukuta. Umesikia?"

"Nimesikia, Tata."

Aliingia. Mogire alibaki kwa fito zake, mgongo kwa nyumba kama kawaida, akigeuza gome ambalo tayari lilikuwa limegeuzwa.

Akasikia Bitutu:

"Umerudi mapema. Nilikuwa niende kabla yako."

"Kwenda wapi?"

"Kwetu. Thadeus, niangalie."

Viatu vikasugua sakafu.

"Umeangalia sufuria. Mimi niko huku."

"Nakuangalia."

"Na?"

"Pole." Sauti ya kijana ilikuwa imevunjika. "Bitutu, pole. Ni mimi nilileta. Hapa inauma?"

"Hapo hapana. Hapo... kidogo. Toa mkono, una vumbi la gari."

"Dawa iko wapi? Ile ya Tata."

"Kwa kibuyu. Unanawa kwanza, halafu unaweka kwa kitambaa. Si hivyo! Wewe, kwani unapaka ukuta rangi? Baba yako ni mzee na anapaka vizuri kuliko wewe."

Mogire aliinua uso wake wenye rangi mbili, akaangalia milima ya upande wa Nyamira kwa bidii sana. Maji yalimwagika kwa karai, mtu akasema maji ni baridi, mtu akasema vumilia. Halafu ikasikika Bitutu anasema, na sasa maneno yalikuwa yanatoka moja juu ya lingine, kama zamani:

"Kesho ni Sabato. Nitavaa ile leso mpya, wanaotaka kuona waone, wachoke. Iko chini kabisa kwa huo mzigo. Nifungulie."

Thadeus alihangaika na kamba kwa muda.

"Hii ulifunga na nini?"

"Na hasira," Bitutu akasema. "Tumia meno."